Dodoma au Idjwi? Likizo yetu iende penye ndizi

Juu ya meza yetu hapa Murara, Goma, kuna chupa moja na bidoni moja. Chupa ni ya divai nyekundu ya Dodoma. Shemeji yangu ndiye aliyeileta, akaizungushia suruali mbili ndani ya sanduku, nayo ikavuka mipaka miwili bila kumwaga hata tone. Bidoni ni ile ya njano ya lita tano, iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Sasa ina kasiksi, pombe ya ndizi ya kisiwa cha Idjwi, na kizibo chake tumekilegeza kidogo kwa sababu pombe bado inafanya kazi. Mume wangu ameketi upande wa chupa, mimi upande wa bidoni. Mwaka mzima tumeweka akiba ya safari moja ya likizo kubwa, wiki mbili za Julai, sisi wawili na watoto watatu, na sasa imebaki kuamua pesa hiyo itatupeleka wapi.

"Mama, ndizi si ziko hapa hapa Birere?" ananiuliza. "Unanipandisha bato ili nikaone ndizi?"

Hamu yake ya Dodoma naiheshimu. Amekuwa sakristani kwa miaka 12. Kila alfajiri anaitayarisha divai ya misa, na tangu azaliwe hajaona mzabibu umesimama shambani. Mtu aliyeshika kitu kwa mikono yake miaka yote hiyo ana haki ya kutaka kujua kinatoka wapi. Hata hivyo mimi nasema twende Idjwi, na sababu zangu naziandika hapa, maana najua ubishi wa meza yetu uko pia kwenye meza nyingine za mji huu zenye akiba ndogo na hamu kubwa ya kupumua.

Lakini kwanza neno lenyewe, likizo. Mwisho wa Januari 2025, mji wetu ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, benki zilifunga milango, ndege zikaacha kutua, na nyumba nyingi zikaanza kula kile kidogo zilichokuwa nacho. Ukitamka likizo mbele ya watu, wapo watakaokutazama kama mtu aliyecheka msibani. Nawaelewa. Lakini nyumba yetu imejengwa juu ya lava ya tarehe 17 Januari 2002, ile iliyokata mji katikati na kuingia ziwani, na ukuta wake ni mawe ya lava hiyo hiyo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 tuliiacha tukakimbia na watoto mgongoni, tukiwa tumeitazama anga ikiwa nyekundu juu ya Nyiragongo. Tungengoja mwaka usio na msiba ndipo tuwaonyeshe watoto kitu kizuri, wangekua na kuoa na kuolewa hawajaona chochote. Na pesa ya likizo haipotei hewani. Inaingia mfukoni mwa mtu. Sehemu kubwa ya hoja yangu iko hapo, kwamba ni mfuko wa nani.

Sasa Dodoma. Nilifika huko mara moja, mwezi wa Agosti, kwa mkutano wa akina mama Wakatoliki, na sitaki mtu adhani napinga nisichokijua. Unavuka Petite Barrière asubuhi, unapanda basi Gisenyi hadi Kigali, kisha Rusumo, na baada ya mto Kagera unaanza Tanzania ndefu: Kahama, Nzega, Singida. Kwa jumla ni zaidi ya kilomita 1000. Ukishaipita Singida nchi inakuwa pana na kavu, mibuyu imesimama bila jani, na upepo unasukuma vumbi hata ndani ya basi lililofungwa madirisha. Sisi tuliozoea mvua miezi tisa kwa mwaka tunashangaa watu wanakula nini. Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka, na yote huja katika msimu mmoja.

Kumbe ukavu huo ndio utajiri wa mizabibu. Nilikuwa na picha kichwani ya vilima vya kijani vya Ufaransa. Nilichokuta ni mistari ya miti mifupi, iliyokunjamana kama mikono ya wazee, juu ya udongo wa kichanga. Mkulima mmoja alinieleza kwa subira ya mwalimu. Ulaya, alisema, baridi ndiyo inayoulaza mzabibu na joto ndilo linalouamsha, kwa hiyo unazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, basi mkulima anauamuru kwa mkasi: akipogoa leo, miezi michache baadaye atavuna. Ndiyo maana kuna mavuno mawili, moja kuelekea Machi na jingine Agosti na Septemba, na hayo ya kiangazi ndiyo matamu zaidi kwa sababu mvua haikuyalainisha. Nilikula zabibu zikiwa bado na joto la jua juu ya ganda lake. Sijapata kuonja tena kitu kama kile.

Mizabibu hiyo haikuota yenyewe. Wamisionari wa Kiitalia walileta miche Bihawana, nje kidogo ya mji, mwaka 1957, kwa ajili ya divai ya misa. Baada ya Uhuru serikali ikaona kwamba kilichoota kwa ajili ya altare kinaweza kuota kwa ajili ya soko. Ikaanzishwa kampuni ya umma ya kutengeneza divai, DOWICO, na kituo cha utafiti Makutupora, ambacho jina lake limekuwa pia jina la aina ya zabibu nyekundu inayopendwa na wakulima wa huko. Kampuni ya umma ilikuja kudhoofika, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 kikaja kiwanda cha CETAWICO kule Hombolo, kwa ujuzi wa Waitalia tena, na Chamwino likafunguliwa shamba la pamoja la Chinangali II, ambapo wakulima wanamwagilia kwa matone. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Hesabu mwenyewe, msomaji: wamisionari, serikali, watafiti, wawekezaji, reli. Karibu miaka 70 ya watu kusukuma zao moja.

Na bado mkulima analia. Hilo ndilo lililobaki moyoni mwangu kuliko utamu wa zabibu. Mwenye shamba dogo ananing'iniza jicho kwenye lango la kiwanda: matangi yakijaa, zabibu zake zinaozea mtini, kwa sababu zabibu za divai hazivumilii kungoja. Huko maji yaliyokamuliwa kabla hayajageuka divai wanayaita mchuzi wa zabibu, na kila mkulima niliyeongea naye alikuwa na ndoto moja, kuukamua na kuuhifadhi mchuzi wake mwenyewe ili asiuze kwa bei ya huruma. Ninasema hivi kwa sababu kuna watu mjini kwetu wanaoamini kwamba nchi ya divai ni nchi ya starehe. Niliyoiona mimi ni nchi ya watu wanaopiga hesabu usiku.

Kwa hiyo nikubali wazi: kama swali lingekuwa wapi kuna divai iliyokamilika, yenye chupa, lebo na kizibo, na wapi mtoto atajifunza jinsi zao la ugenini linavyopewa uraia, jibu ni Dodoma, na mume wangu ameshinda. Swali langu ni jingine. Nani anatuhitaji sisi, wageni watano kutoka Murara wenye pesa kidogo? Dodoma inahitaji wanunuzi wa matani. Bungeni wanaijadili. Tukifika watatupokea vizuri na tukiondoka hakuna atakayejua kwamba tulikuja. Idjwi ni tofauti kabisa. Idjwi wageni watano ni habari ya kijiji kizima.

Nilifika kisiwani kwa harusi ya mwalimu mwenzangu. Mimi si Muhavu, sina shamba wala mjomba kule, kwa hiyo mapenzi yangu kwa kisiwa hicho si ya ukoo. Kutoka Goma unaelekea kusini, na baada ya saa kadhaa kisiwa kinainuka mbele yako, kirefu cha kilomita kama 40, migomba ikianzia karibu na maji na kupanda hadi mgongoni. Ni kati ya visiwa vikubwa kabisa vya maziwa ya Afrika. Kina watawala wawili wa jadi, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, na historia yake ni nzito kiasi kwamba Mmarekani David Newbury aliitolea kitabu kizima, Kings and Clans, mwaka 1991. Vita vilivyokula bara vimekipitia kando mara nyingi. Sisemi hakijui machozi. Mwaka 1994 kilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, na umaskini wake ni wa kuuma. Lakini usiku wa kwanza niliolala pale nilizinduka nikidhani nimepatwa na uziwi. Kumbe ulikuwa ni ukimya tu.

Asubuhi ya harusi nilipelekwa kuona kasiksi ikitengenezwa, na hapo ndipo nilipoacha kuiita pombe ya kienyeji kwa sauti ile tunayoitumia mjini. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado kijani. Shimo huchimbwa, majani makavu huchomwa ndani yake mpaka udongo ushike joto, kisha hutandikwa majani mabichi ya mgomba, ndizi hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo tena. Siku nne, tano, sita, kulingana na ubaridi wa mahali. Shimo likifunguliwa, harufu inayotoka inawasimamisha watoto njiani. Humenywa, huwekwa kwenye hori la mti uliochongwa kama mtumbwi, na wanaume huzikanda pamoja na nyasi. Nyasi ndiyo siri yenyewe. Ndizi ukiikanda peke yake inakuwa uji. Ukiikanda na nyasi, nyuzi zake zinakamata nyama ya tunda na kuyaachia maji, yakitoka safi, ya rangi ya asali. Hayo ndiyo mutobe, na mtoto anaweza kuyanywa, na hakuna soda mjini inayoyafikia. Baadaye huchujwa, huongezwa maji, na hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, ambao unaleta chachu, rangi na ule ukali wa mwisho ulimini. Siku mbili au tatu, kasiksi iko tayari. Siku ya tano inaanza kuwa siki.

Mzee aliyesimamia kazi alionja kutoka kwenye mahori mawili na kuniambia bila kusita ni ndizi za mteremko upi, zile za juu au zile za karibu na ziwa. Nilidhani ananitania. Wenzake wakaonja wakakubaliana naye. Dodoma sikumwona mkulima akifanya hivyo, si kwa kukosa ujuzi, ila kwa sababu zabibu zake zinakwenda kuchanganywa kwenye tangi na za wengine elfu. Kule Ufaransa watu hulipa pesa nyingi ili wasimame mbele ya mtu wa namna ya yule mzee.

Hapo kuna jambo la lugha ambalo limenisumbua kwa miaka. Kiswahili kina maneno mawili ya kinywaji cha zabibu, na yote mawili yalikuja kwa merikebu: mvinyo kutoka kwa Wareno, divai kutoka kwa Wafaransa. Kinywaji cha ndizi kina jina kila mahali unapokanyaga. Sisi tunasema kasiksi, Wanyarwanda urwagwa, Wahaya lubisi, Waganda tonto, na Wachaga wana mbege yao inayochanganya ndizi na ulezi. Majina mengi namna hiyo hayatoki kwa watu wasiojua wanachokunywa. Lakini tukitaka kukipa heshima tunakiita divai ya ndizi, kana kwamba kimeazima koti la mtu mwingine ili kiingie ukumbini. Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikikitia kwenye chupa na kukiuza madukani kwa miaka mingi. Kwa hiyo si kweli kwamba ndizi haiwezi kufungwa kizibo.

Mume wangu hapa hunijibu kwa jambo ambalo siwezi kulipindua: sheria ya Kanisa inataka divai ya misa itoke kwenye zabibu, basi. Ni kweli. Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misa kwa ajili ya majimbo ya Zaire, tukaruhusiwa ngoma, tukaruhusiwa kucheza kuelekea altareni na kuwataja wahenga wetu, lakini ndani ya kikombe zabibu ikabaki zabibu. Padri Jean-Marc Ela wa Kamerun aliuliza waziwazi kama ni haki Mkristo wa Afrika ategemee nafaka na matunda ya nchi za mbali ili aadhimishe Ekaristi. Mimi si mwanateolojia na sidai jibu. Ila najua kwamba mtu anayeshika kikombe cha zabibu kila alfajiri hatapungukiwa na imani kwa kutumia wiki mbili kujua ndizi inageukaje kinywaji kwenye udongo wa jirani zake.

Na kuna jambo la haraka linalonifanya niseme mwaka huu, nisingoje mwaka ujao. Migomba yetu inaumwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mnyauko uliingia Kivu kupitia Masisi, ukashuka kando ya ziwa, na kisiwa nacho haukukiruka. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina linatoa usaha wa manjano. Wadudu wanaubeba kutoka ua hadi ua, na panga linaubeba kutoka shamba hadi shamba. Migomba ya pombe yenye maua yanayowavutia wadudu ndiyo inayoanguka kwanza. Mkulima aliambiwa ang'oe shina zima na kusubiri, na kwa mwenye kipande cha kutupia mkeka ni sawa na kumwambia asubiri kula. Baadaye watafiti, pamoja na wale waliofanya majaribio kwa jirani zetu wa Kivu Kusini, walionyesha kwamba si lazima. Ukikata ule mgomba mmoja ulioonyesha dalili, ukarudia kila unapouona mwingine, ukavunja ua dume kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga lako motoni kabla ya kuhama mgomba, ugonjwa unapungua na shamba linaendelea kukulisha.

Ufaransa ilipata msiba wa namna hiyo katika miaka ya 1860, pale kidudu cha filoksera kilipoanza kula mizizi ya mizabibu na nusura nchi nzima ibaki bila divai. Wataalamu walihangaika miaka mingi mpaka mizabibu ya Kifaransa ikapandikizwa juu ya mizizi ya Kimarekani. Waliipigania kwa sababu kulikuwa na watu waliokuwa wakinywa, wakijua majina ya vijiji, wakilipa. Mgomba wa Idjwi nani anaupigania? Sisi hapa mjini tunanunua bidoni bila kuuliza imetoka kilima gani wala imetoka kwenye ndizi gani. Kuna ndizi inayoitwa Yangambi Km 5, yenye jina la kituo cha utafiti cha nchi yetu wenyewe, inayojulikana na wataalamu wa ndizi duniani kote, na katika mashamba ya Kivu inakamuliwa kila wiki. Waulize watu kumi walioketi kwenye baa yoyote ya Goma kama wamewahi kulisikia jina hilo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisiwani nimeliona hilo kwa njia ya kahawa. Kwa miaka mingi wakulima wa Idjwi walipakia kahawa yao kwenye mitumbwi usiku na kuivusha Rwanda kwa magendo, kwa sababu upande wetu hapakuwa na mnunuzi wa maana. Wengi walizama, na wajane wao wapo mpaka leo. Ulipokuja ushirika wa CPNCK na wanunuzi wa nje waliotaka kahawa ya Idjwi kwa jina lake, mkulima akapata sababu ya kuuza nyumbani. Kahawa ni ile ile na vilima ni vile vile. Kilichobadilika ni kwamba alitokea mtu aliyesema, nataka ya kwenu. Kasiksi haiwezi kupakiwa kwenda ng'ambo kama kahawa, maana inaishi siku chache tu. Basi mnywaji ndiye lazima asafiri. Hilo ndilo linaloifanya iwe kinywaji cha likizo kuliko divai yoyote: chupa ya Dodoma imekuja mpaka Murara ikiwa nzima, lakini kasiksi ya bidoni hii, iliyotikiswa ziwani na kuketi sokoni, si ile niliyoinywa pale kwenye hori. Mume wangu alipoionja akakunja uso. Namtetea. Amekunywa kasiksi iliyochoka.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na kasiksi nayo ina watu wanaoitia maji, tena maji ya ziwa yasiyochemshwa, ndani ya vyombo visivyooshwa. Kuna wanaoikoleza, wakachemsha na kukamua kanyanga inayowaharibu vijana macho na ini. Nimefundisha watoto waliokuja darasani wakinuka pombe saa mbili asubuhi, na sitaandika neno lolote la kumpa mtu kisingizio. Ndiyo maana nataka wageni wenye macho wafike: mgeni anayelipa kuona kazi ikifanyika ana haki ya kuomba maji yaliyochemshwa na hori lililosuguliwa, na mwenyeji anayelipwa ana sababu ya kukubali. Sijaona amri ya ofisi yoyote iliyosafisha chungu haraka kuliko mteja aliyesimama kando yake.

Njia sasa. Kwa watu wa Goma kuchagua eneo la kutembelea ni kuchagua njia kwanza, na hapa hoja ya mume wangu ina uzito kuliko zote. Basi la Dodoma linachosha, lakini lina barabara chini yake. Bato lina maji. Tarehe 3 Oktoba 2024 bato lililotoka Minova lilipinduka mbele ya bandari ya Kituku, karibu na nchi kavu kiasi kwamba waliokuwa wakiwasubiri ndugu zao waliyaona yote kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Lilikuwa limejaa kupita uwezo wake. Mama mmoja wa jirani yetu alikuwa pale ufukweni siku ile, na mpaka leo hapiti Kituku. Nimemwambia mume wangu kwamba hili silipunguzi hata kidogo. Tutasafiri asubuhi, ziwa likiwa bado limelala, kwa chombo kikubwa, na tukikiona kimejaa tutarudi nyumbani tukalale, hata kama tiketi imeliwa. Na kama habari za usalama zitabadilika wiki ile, tutabaki Murara na kula akiba yetu kwa viazi na sambaza. Hakuna kasiksi inayostahili mtoto.

Kilichobaki ni namna ya kwenda, na hapa naomba wenzangu wa mjini wanisikie, kwa sababu nimewaona wageni wanavyofika kisiwani na masanduku ya bia na kurudi bila kujua jina la aliyewapikia. Idjwi haina hoteli za kupanga foleni. Una nyumba za mapadre, una nyumba za watu. Lala kwa watu, na lipa kama ungelipa mjini. Nunua nanasi palepale linapokatwa. Agiza hori moja la ndizi kwa jina lako siku ya kwanza, ili siku ya sita ufunguliwe shimo ukiwa umesimama, na wakati wa kukanda vua viatu ukande. Wape watoto wako mutobe. Usibishane bei ya kitu kilichochukua wiki nzima na mikono ya watu wanane. Sisi tutabeba mviringo mmoja wa jibini ya Masisi, ile tuliyozoea kuiita fromaji, kwa sababu niliijaribu pamoja na kasiksi ya siku ya tatu kwenye ile harusi, nikajuta kwamba sikubeba miwili.

Na tutabeba chupa. Hilo ndilo sharti la mume wangu, nami nimelikubali kwa furaha. Hataki kuifungua hapa. Anataka kuifungua kisiwani mbele ya yule mzee wa mahori, amwonjeshe zabibu za Dodoma, amsikie atasema zimetoka mteremko upi. Mwaka mwingine, Mungu akipenda na akiba ikirudi, tutapanda basi la Rusumo mwezi wa Agosti ili naye aushike mzabibu kwa mkono wake.

Jana jioni tulikwenda kutafuta jile za kuelea. Tumepata nne. Ya mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka mitano, bado hatujaipata ya kumtosha, na nimesema kwamba mpaka ipatikane hakuna anayekata tiketi.